Maneno Yaliyomo Katika Karatasi ya Maji



Sasa unajua kusoma. Yako maneno ambayo zamani yalikupita tu, ingawa yalikuhusu kila siku. Baadhi yake yamo katika karatasi ya maji. Karatasi hiyo hutolewa na maabara ya maji, baada ya mtaalamu kupima maji ya kisima, chemchemi au bomba. Mara nyingi huletwa kijijini, ikasomwa haraka mbele ya kamati, kisha ikafungiwa kabatini. Kabatini si mahali pake. Karatasi hiyo inaeleza maji ambayo wewe na watoto wako mnakunywa.

Katika somo hili tutaeleza maneno makubwa ya karatasi hiyo. Halafu tutaeleza maneno machache ya taka, kwa kuwa maji na taka ni majirani. Taka zikikosa mahali pake huingia majini.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Uchafu wa maji si wa aina moja. Upo wa aina nyingi, na kila aina ina dawa yake. Moto huua vijidudu, lakini haupunguzi chumvi. Mchanga huchuja tope, lakini hauzuii chumvi wala floridi. Mtu asiyejua jina la uchafu uliomo katika maji yake anaweza kumaliza kuni mwaka mzima bila faida.

SAFI NA SALAMA

Tumezoea kusema "maji safi na salama" kana kwamba ni neno moja. Ni maneno mawili, na kila moja lina maana yake.

Maji safi ni yale yanayopendeza kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Maji salama ni yale ambayo ukiyanywa hayakudhuru, wala leo wala baada ya miaka mingi. Usafi unaweza kuuona. Usalama huwezi kuuona.

Tutoe mfano wa mbali, kwa sababu unajulikana sana. Mwaka 1854, katika jiji la London, Uingereza, mtaa wa Broad Street ulikuwa na kisima cha pampu. Watu waliyasifu maji yake. Mama mmoja aliyekuwa amehama mtaa huo aliendelea kuletewa maji ya pampu hiyo, maana aliyapenda kuliko ya alikohamia. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti kipindupindu kilizuka mtaani hapo. Kwa muda wa siku 10 hivi watu zaidi ya 500 walikufa. Yule mama naye alikufa, huko huko mbali.

Daktari John Snow alifuatilia waliokufa walikuwa wakinywa maji ya wapi. Majibu yalimpeleka kwenye pampu ile. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa. Baadaye watu walichimba, wakakuta shimo la maji machafu la nyumba ya jirani. Lilikuwa karibu mita moja tu kutoka kisimani, na kuta zake zilikuwa zimebomoka. Katika shimo hilo yalikuwa yamemwagwa maji yaliyofuliwa nguo za mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha. Maji ya kisima kile yalikuwa safi. Hayakuwa salama.

Yapo pia maji ya namna nyingine: hayapendezi, lakini hayana madhara makubwa. Baadhi ya visima virefu hutoa maji yenye chuma. Yakitoka ardhini huwa maangavu. Yakikaa ndooni hugeuka rangi ya kutu. Nguo nyeupe huingia madoa, na chai huwa nyeusi. Ladha yake ni kama kulamba msumari. Akina mama huyakataa, wakarudi mtoni. Huko mtoni ndiko kwenye kichocho na kipindupindu. Si haki kuwaita wajinga. Nani anapenda kumwandalia mgeni chai nyeusi kama wino? Afadhali kuwaonyesha dawa. Mimina maji hayo kutoka ndoo moja hadi nyingine mara nyingi ili yapate hewa. Yaache yatulie usiku kucha, kisha yachuje kwa mchanga. Chuma kitageuka kutu na kubaki mchangani.

TOPE

Tope ni chembe ndogo za udongo na takataka zinazoelea majini. Katika karatasi hupimwa kwa herufi NTU. Herufi hizo zisikutishe. Namba ikiwa ndogo, maji ni maangavu. Kuanzia NTU 4 hivi, jicho huanza kuona ukungu.

Tope lenyewe si sumu. Ubaya wake ni kwamba vijidudu hujificha ndani yake, na dawa ya klorini huishia kwenye tope kabla ya kuvifikia. Ukitia klorini katika maji ya tope ni kama kumpiga nyoka aliye ndani ya nyasi ndefu. Fyeka nyasi kwanza. Acha maji yatulie mtungini, kisha mimina yale ya juu polepole. Shabu hukusanya tope na kulizamisha. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo. Maji yakishaangaa, hapo ndipo utie dawa au uyachemshe.

VIJIDUDU

Huu ndio uchafu unaoua watu haraka. Kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengi ya kuhara huletwa na vijidudu vitokavyo katika kinyesi cha watu. Jicho haliwezi kuviona.

Maabara haitafuti kila kijidudu kwa jina lake. Hutafuta kimoja kiitwacho E. koli, ambacho huishi matumboni mwa watu na wanyama. E. koli akionekana majini, maana yake ni moja: kinyesi kimepata njia ya kuingia. Wenzake wabaya wanaweza kupita njia hiyo hiyo.

Maabara hupima mililita 100, yaani karibu nusu ya kikombe cha chai. Katika maji ya kunywa namba inayotakiwa ni 0. Si 5, wala si 1. Ukiona namba nyingine hapo, usiende nyumbani bila kuuliza kamati ya maji imepanga nini.

Kijidudu hufa kwa moto. Chemsha hadi maji yatoe mapovu makubwa. Zamani tulifundishwa kuyaacha yachemke kwa dakika nyingi, na kuni nyingi ziliungua bure. Yakifika kuchemka kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha. Walio kwenye milima mirefu waongeze hadi dakika tatu. Asiye na kuni anaweza kutumia jua. Atie maji maangavu katika chupa nyeupe ya plastiki, isiyozidi lita mbili, na kuilaza juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6. Siku za mawingu aiache siku mbili.

MILIGRAMU KATIKA LITA

Kabla ya kuendelea, tuelewe kipimo kimoja. Karatasini huandikwa mg/L, na husomwa "miligramu katika lita". Gramu 1,000 ni kilo moja. Miligramu 1,000 ni gramu moja.

Chukua mapipa 5 ya lita 200. Hizo ni lita 1,000. Tia robo ya kijiko cha chai cha chumvi, kisha koroga. Sasa kila lita ina miligramu 1.5 hivi za chumvi. Ulimi hautaiona kabisa. Lakini kwa vitu vingine, kiasi hicho kidogo ndicho mpaka kati ya afya na ugonjwa.

KLORINI ILIYOSALIA

Klorini ni dawa ya kuua vijidudu. Mfano wake ni askari. Wengine humalizika wakati wa kupigana pale pale kwenye tangi. Wanaosalia husafiri na maji hadi ndooni kwako, wakiyalinda njiani. Hao ndio huandikwa "klorini iliyosalia". Kwenye bomba lako inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 katika lita. Ikiwa 0, maji hayana mlinzi. Watu wengi hulalamika wakisikia harufu ya klorini kidogo. Mimi hulalamika nisipoisikia.

FLORIDI

Hapa tutakaa kidogo. Neno hili ni geni kwa wengi, na madhara yake hayarudi nyuma.

Floridi ni madini. Ikiwa kidogo hukinga meno yasitoboke. Ndiyo maana imo katika dawa nyingi za mswaki. Ikizidi hudhuru. Hutoka katika miamba iliyotapikwa na volkano, kisha huyeyuka katika maji yanayopita humo. Kwa hiyo hupatikana sana katika Bonde la Ufa, tangu Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania. Hapa Tanzania iko hasa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga.

Mkoani Arusha, chini ya Mlima Meru, kuna mahali paitwapo Maji ya Chai, kwa jina la mto wenye maji ya rangi hiyo. Mpita njia hudhani kwamba shida ya maji yale ni rangi. Shida kubwa ni floridi, ambayo haina rangi, haina harufu wala ladha.

Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Madhara hayo huingia wakati jino bado linaumbwa ndani ya ufizi, yaani tangu utoto hadi miaka 8 hivi. Wengi humgombeza mtoto kwamba hapigi mswaki. Mtoto hana kosa. Mswaki hauwezi kuondoa doa lililoumbwa pamoja na jino. Wapo vijana wazuri wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa mkono, na sababu ni maji tu.

Floridi ikiwa nyingi sana, na kwa miaka mingi, huingia mifupani. Viungo huuma. Mgongo hukakamaa, mtu akashindwa kuinama shambani. Watoto wengine miguu hupinda. Watu husema amerogwa, jirani akashukiwa bure.

Kiasi kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5 katika lita. Ndicho kiasi cha Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Kiwango cha 1.5 kiliwekwa mwaka 2018. Kwa hiyo ukiona karatasi ya zamani iliyoandikwa "yanafaa", angalia namba yenyewe. Neno "yanafaa" la wakati ule huenda lisiwe "yanafaa" la leo.

Je, tuchemshe? Tufanye hesabu. Una lita 10 za maji, na kila lita ina miligramu 6 za floridi. Jumla ni miligramu 60. Umeyachemsha kwa muda mrefu, lita 2 zimepotea kwa mvuke. Floridi haikuondoka na mvuke. Miligramu 60 sasa ziko katika lita 8. Gawanya: kila lita ina miligramu 7.5. Umetumia kuni, na maji yamekuwa mabaya zaidi. Ukichemsha kwa ajili ya vijidudu, chemsha. Lakini usidhani umeondoa floridi.

Dawa ya floridi ni nyingine. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wametumia mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri kwa joto na hewa ya kipimo. Kisha huvunjwa punje punje na kuwekwa katika chombo cha kuchujia. Maji yakipita humo, floridi hunaswa na mifupa. Usijaribu kuchoma mifupa yako nyuma ya nyumba. Ikichomwa vibaya maji hunuka na kuwa na rangi. Tena mifupa huchoka, ikaacha kunasa floridi, na kwa macho huwezi kujua. Ni lazima maji yapimwe mara kwa mara na mifupa ibadilishwe.

Njia nyepesi kwa wengi ni mvua. Maji ya mvua karibu hayana floridi. Nyumba ya bati yenye mfereji na tangi inaweza kukinga ya kutosha kunywa na kupikia kwa muda. Tangi likiwa dogo, maji hayo wawekewe kwanza watoto wadogo na mama wajawazito, kwa kunywa na kwa uji. Ya kisima yafulie nguo na kuogea. Floridi haiingii mwilini kwa kuoga.

Tuseme pia habari ya magadi. Akina mama wengi hutia magadi ili makande na maharage yaive upesi. Baadhi ya magadi yana floridi nyingi sana. Familia inaweza kutafuta maji mazuri, kisha ikala floridi ile ile chunguni. Loweka maharage tangu jioni. Yataiva upesi bila magadi.

MANENO YA TAKA

Majitaka ni maji yaliyokwisha kutumika: ya kuogea, ya kufulia, ya jikoni na ya chooni. Tope la choo ni kile kinachobaki ndani ya shimo la choo. Hapa neno tope lina maana nyingine, si lile la udongo majini. Taka ngumu ni takataka za kawaida, kama maganda, majani, makopo na plastiki.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vya kisomo vilikaa kusikiliza redio na kusoma vitabu, halafu vikaenda kuchimba vyoo. Kazi ile ilikuwa kubwa. Leo swali si kuwa na choo tu, bali choo kiko wapi.

Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Kiwe upande wa chini wa mteremko, na kisima upande wa juu. Chini ya shimo, hadi kufikia maji ya ardhini, ubaki udongo mkavu wa mita 2 hivi, hata wakati wa masika. Lakini mita 30 si ukuta. Mahali penye mchanga mwingi au miamba yenye nyufa, uchafu husafiri mbali zaidi. Hapo ongeza umbali na umwulize Bwana Afya.

Vyoo vikiwa karibu na kisima, neno jingine huonekana karatasini: naitreti. Hutoka katika kinyesi, mkojo na mbolea. Isizidi miligramu 50 katika lita. Ikizidi humdhuru hasa mtoto wa chini ya miezi 6 anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Damu yake hushindwa kubeba hewa vizuri, midomo ikawa na rangi ya bluu. Naitreti nayo haiondoki kwa kuchemsha. Mtoto anyonye maziwa ya mama, na vyoo vihamishwe.

Mjini wapo watu wanaotapisha choo mvua ikinyesha, mavi yakaenda na maji mtaani. Hilo ni kosa, na wa chini hulipa. Kijijini tuna nafasi. Shimo likikaribia kujaa lifukie kwa udongo, panda mgomba au mpapai juu yake, uchimbe jingine. Usilifukue kabla ya miaka miwili, maana mayai ya minyoo hudumu sana.

Taka zinazooza zifanye mboji kwa ajili ya shamba. Plastiki haiozi. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Zipo pia taka za sumu: betri kuukuu, na chupa za dawa za kuulia wadudu wa pamba, kahawa na mboga. Chupa hizo zisioshewe mtoni wala kisimani. Ukimaliza dawa, suuza chupa mara tatu, na maji ya kusuuzia uyamimine katika bomba la kupulizia, yaende shambani. Kisha itoboe. Asiitumie mtu kwa mafuta ya taa, sembuse mafuta ya kula. Usitegemee moto kwa maji yaliyoingia dawa ya wadudu.

KUIOMBA KARATASI

Tangu mwaka 2019, maji ya vijijini Tanzania Bara yako chini ya wakala uitwao RUWASA, na miradi husimamiwa na vyombo vya watumia maji. Katika mkutano, mwanakijiji yeyote anaweza kuomba karatasi ya maji isomwe. Ikisomwa, sikiliza kwanza jina la kisima na tarehe. Maji yaliyopimwa kiangazi hayasemi habari za masika, kwa kuwa mvua ndiyo huosha uchafu wa juu na kuuingiza kisimani. Karatasi ya miaka mitano iliyopita ni habari ya zamani kwa vijidudu. Kwa floridi bado inaweza kukusaidia, kwa kuwa miamba haibadiliki upesi.

Maswali ya kikundi

1. Kisima tunachotumia kilipimwa lini? Karatasi yake iko kwa nani?
2. Hesabuni hatua kutoka kisimani hadi choo cha karibu. Ni ngapi? Choo hicho kiko juu au chini ya mteremko?
3. Mama Asha ana lita 12 za maji. Kila lita ina miligramu 4 za floridi. Ameyachemsha hadi zimebaki lita 10. Sasa kila lita ina miligramu ngapi? Mnamshauri nini?
4. Je, wapo watu kijijini walioacha maji ya pampu na kurudi mtoni? Waulizeni sababu, mkaiandike.